Likelemba haingojei kesho, sasa memwari yako inangoja nini?

Hapa Kongo, pa Lubumbashi, karibu kila familia iko na finalisti wake, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo. Watu wakikaa kula bukari kuna mzee mmoja lazima atauliza, "na ile memwari imefika wapi?", ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo, naye finalisti anajibu bila kuinua kichwa, "iko inatembea baba". Na kweli iko inatembea, tangu mwaka jana iko inatembea ndani ya sura ya kwanza. Mashini ya kuandikia iko, mada ilikubaliwa, direkteri (mwalimu anayeisimamia) anajulikana, minervali (ada ya chuo) mzazi alilipa kwa kuuza kitu, ukurasa wa shukrani umeshaandikwa na Mungu ameshukuriwa wa kwanza, lakini kazi yenyewe hapana. Kesho njo nitaanza. Jumatatu njo nitaanza. Tukitoka kwenye kilio cha mjomba njo nitaanza.

Sasa mfuate huyo huyo finalisti kwenye soko la Kenya (Kenya komini yetu hapa, si ile nchi) kule anauza mega na inite za simu ili ajisaidie. Yuko kwenye likelemba na wenzake, kila Jumapili kila mtu anatoa kiasi chake na mmoja anabeba yote. Hapo hachelewi. Hata kama juma hilo soko lilikuwa baridi, atakopa kwa dada yake, atauza kofia, atamsumbua mteja anayemdai tangu mwezi wa tatu, lakini Jumapili saa kumi faranga zake ziko mezani. Na hakuna aliyemfundisha nidhamu, hakuenda kwenye konferansi ya motivasyo, hakuna pasta aliyemwekea mikono kichwani kwa ajili ya hiyo.

Mtu ni yule yule, kichwa ni kile kile, juma ni lile lile. Kwa hiyo nikisikia wazazi wanasema vijana wa leo wavivu, mimi nashindwa kukubali kabisa. Mvivu angekuwa mvivu pande zote mbili. Huyu anaamka saa kumi na moja kuchota maji, anasimama juani mchana mzima, usiku anapiga hesabu za duka la shangazi. Kinachomshinda ni kazi ya aina fulani tu, na ukiangalia vizuri ni ile isiyo na mtu anayeingojea siku fulani, na ambayo pia kuigusa kunamuuma.

Nianze na huko kuuma, maana huko njo watu hawapendi kuangalia. Kuna watafiti wawili, Fuschia Sirois na Tim Pychyl, mwaka 2013 waliandika kwamba kuahirisha kazi kunahusu zaidi hisia kuliko saa. Mtu anaitazama kazi, kazi inamletea woga au aibu au kuchoka, anaikimbia ili ajisikie vizuri sasa hivi, na kweli anajisikia vizuri, kwa muda. Bili inakuja baadaye. Na hiyo bili wengine wawili waliipima kabla yao, Dianne Tice na Roy Baumeister, mwaka 1997, kwa wanafunzi wa chuo Marekani. Mwanzoni mwa semesta wale wanaoahirisha walikuwa wametulia kuliko wenzao, hata magonjwa madogo madogo walikuwa nayo kidogo. Mwisho wa semesta hesabu ikageuka, stresi ikawa juu kuliko ya wengine, kuumwa kukazidi, na ukijumlisha semesta nzima walikuwa wameumia zaidi, na pointi zao zilikuwa chini. Kwa hiyo yule anayekuambia "mimi natumikaka vizuri chini ya presha" mwambie alete bilteni tuone.

Lakini hao watafiti hawakukutana na finalisti wa Lubumbashi, na hapa kwetu kuna kitu kingine kinachouma na sijaona kikisemwa wazi. Finalisti ni cheo. Mtu akiwa finalisti mtaani anaheshimiwa, ana kesho, akikosa pesa ya sabuni wanaelewa kwa sababu "bado anasoma". Siku akifanya defansi, akaitetea memwari mbele ya juri, wakamrushia poda kichwani, wakapiga picha na suti ya kukodi, wakanywa, wakacheza, kesho yake asubuhi anaamka akiwa mtu mzima mwenye diploma na bila kazi. Kuanzia hapo swali linabadilika, sasa ni "kazi umepata wapi?", na hilo swali halina jibu la "iko inatembea". Sasa wewe niambie, nani ana haraka ya kufika pale? Mimi naamini sehemu kubwa ya memwari zinazolala hapa mjini zinalala kwa sababu hiyo, kijana mwenyewe hajui, anafikiri anaogopa kalamu nyekundu ya direkteri kumbe anaogopa asubuhi ile ya baada ya sherehe. Mzazi anayemfokea kila jioni anaongeza aibu juu ya aibu, na kijana anaongeza kukimbia. Ukitaka kumsaidia, muulize kwanza anafikiri atafanya nini mwezi baada ya defansi. Hata jibu baya linapunguza giza, maana mtu akishajua kwamba ataendelea kuuza mega huku anasambaza CV, ile asubuhi inapungua kutisha.

Najua mtu tayari ameshika simu anataka kuniuliza, na umeme je? Ndiyo, umeme. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni kweli, kuna mitaa ya Katuba na Ruashi watu wanahesabu saa za umeme kama wanavyohesabu vipimo vya unga, na mtu hawezi kuandika kurasa sitini kwenye mashini iliyokufa betri. Sitaki kuwa kama wale makochi wanaokuja na slaidi nzuri kutuambia "hakuna kisingizio", wamelala hoteli yenye jenereta. Sababu iko na ni nzito. Shida ni kwamba sababu ya kweli njo inatengeneza kisingizio kizuri kuliko vyote, kwa sababu hakuna wa kukubishia. Umeme unarudi saa saba ya usiku, finalisti anaamka, anachaji simu kwanza, anafungua WhatsApp aone watu wamesema nini, anatazama video tatu, saa tisa analala. Asubuhi anasema "hakukuwa na umeme". Uongo? Nusu. Na nusu hiyo hata yeye mwenyewe anaiamini.

Halafu kuna jambo la kuhesabu vibaya, ambalo halitaki hata delestaji. Mwaka 1994 kule Canada Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia memwari zao, mtamaliza baada ya siku ngapi? Kwa wastani walisema kama siku 34. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na kitu, na ni kama 3 katika kila 10 tu waliofika ndani ya siku walizozitaja wenyewe. Na waliulizwa pia wakadirie kama kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, wakasema kama siku 49, bado wakapita hapo! Canada, ndugu zangu, huko ukigusa swichi taa inawaka. Sasa mtoto wa Kampemba anayeambia familia "mwezi mmoja nitakuwa nimemaliza" anahesabu siku ambazo hakuna malaria, hakuna kilio, direkteri hajasafiri kwenda Kinshasa na mvua haijaingia kwenye nyumba. Siku za aina hiyo hapa kwetu zinapatikana lini? Akishapita ule mwezi anaona aibu, aibu inamfanya amkwepe direkteri, akimkwepa juma mbili inakuwa ngumu kurudi, anaanza kupitia njia nyingine pale fakilite ili wasikutane. Mtu alikuwa amechelewa siku kumi tu, sasa amepoteza miezi mitano kwa sababu ya kuogopa kuziungama hizo siku kumi.

Na hii haiko kwa wanafunzi peke yao. Fundi wa kushona anapokea avansi ya kikwembe cha ndoa mwezi mzima kabla, anakitundika, anakigusa usiku wa Ijumaa wakati ndoa ni Jumamosi. Mwalimu anasahihisha mitihani yote usiku mmoja na mishumaa miwili. Mtu wa ofisi ripoti ya miezi mitatu anaiandika asubuhi ya kuitoa. Parkinson, yule Mwingereza aliyeandika kwenye gazeti The Economist mwaka 1955 kwamba kazi inapanuka mpaka ijaze muda uliopewa, angeshonesha suruali hapa Lubumbashi angeongeza kwamba kikwembe hakipanuki hata, kinalala tu kinangoja usiku wa mwisho.

Wazee wetu wanapenda kusema zamani haikuwa hivi, zamani watu walikuwa na nidhamu. Hapo nataka tusimame kidogo maana historia ya mji huu inafundisha kuliko vitabu vya motivasyo. Mji huu ulijengwa na shaba, tanuru lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911, na vizazi vilikua chini ya ile cheminee. Union Minière, kampuni ya migodi, baadaye Gécamines, ilikuwa na sirena: ikilia unaenda, ikilia unarudi. Ilikuwa na posho, ilikuwa na nyumba za kambi, ilikuwa na hospitali na shule, ilikuwa na kapita anayejua jina lako na zamu yako. Mtu hakuwa na nafasi ya kuahirisha hata kama angetaka, siku yake yote ilishikwa na mikono ya wengine. Sisemi ilikuwa vizuri, ile sirena ilikuwa ya mkoloni kwanza na iliwatumikisha watu kama mali, na mzee anayeilia leo analilia posho zaidi kuliko sirena. Nasema tu kwamba ile nidhamu ya baba zetu ilikuwa nje yao. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari (hiari ya nani, hiyo siku nyingine), tuliona wanaume waliokuwa hawajachelewa hata zamu moja kwa miaka ishirini wanakaa mbele ya nyumba mpaka saa sita hawajui waanzie wapi. Walikuwa ni watu wale wale na sirena njo ilikuwa imenyamaza.

Akina mama ndio walitengeneza sirena nyingine, na hiyo haikulia. Likelemba ilikuwepo kabla, lakini wakati mishahara imekufa ndiyo iliyoshika nyumba nyingi. Ukiichambua inafanya vitu ambavyo watu wa saikolojia wanaviandikia makala ndefu. Siku inajulikana, haibadiliki kwa sababu mmoja amechoka. Kiasi ni kidogo, hakitishi, hakuna anayeambiwa alete pesa yote ya mwaka kwa mpigo mmoja. Na juu ya yote kuna zamu yenye jina, juma hili ni la mama fulani, tayari ameshaongea na mwenye unga, ukichelewesha wewe hujachelewesha "mfumo", umemchelewesha yeye, na utakutana naye kwenye bomba la maji kesho asubuhi. Aibu iko hapo pia, kama kwa finalisti, lakini imewekwa mahali inaposukuma mbele. Kwa finalisti aibu inakuja baada ya kushindwa na inamfungia ndani.

Memwari iko kinyume cha hayo yote. Siku ni moja tu, ya mwisho, na hata hiyo inasogezwa, kuna sesioni ya pili, kuna mwaka ujao. Kiasi ni kikubwa, kurasa sitini kwa mpigo. Na hakuna anayeingojea, direkteri ana wanafunzi wengi wengine na kusema ukweli usipomletea kazi unampumzisha.

Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walijaribu jambo hili Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2002. Waliwapa watu kazi tatu za kusahihisha maandishi. Kundi moja liliwekewa tarehe tatu zilizoachana sawasawa, la pili lilijichagulia tarehe lenyewe, la tatu liliambiwa leteni zote mwisho. La kwanza lilifanya vizuri kuliko yote, la mwisho likafanya vibaya kuliko yote, na wale waliojichagulia wakakaa katikati, kwa sababu mtu anajua anahitaji kamba lakini akijifunga mwenyewe anaacha fundo legevu. Kwa hiyo ukijiandikia programu nzuri ya rangi ukutani ni afadhali kuliko kitu, lakini usiiamini sana.

Ninachopendekeza basi ni kuiweka kazi ndani ya likelemba, na nasema kwa maana ya kweli, watu, siku na zamu. Finalisti watatu au wanne, heri wa mada tofauti ili wasiigane, Jumamosi saa tisa, kwenye uwanja wa mmoja wao. Kila mmoja analeta kurasa mbili. Mbili tu, zilizoandikwa, hata kwa bic kwenye karatasi kama umeme ulikataa, na hapo njo kile kisingizio kinakufa kifo cha kawaida maana kalamu haichajiwi. Asiye na kurasa anakuja hivyo hivyo, hafukuzwi, ila anaandika palepale wenzake wakiongea mpaka azimalize. Hapo muwe wakali. Mkiruhusu mtu asije kwa sababu hana kurasa, mmemfundisha kukimbia, na juma linalofuata hatakuja pia. Kwa wadada mnajua wenyewe Jumamosi ilivyo, kufua, kupika, watoto wa dada mkubwa, halafu watu wanasema "huyu naye anachelewa". Huyo haahirishi kitu, amenyang'anywa saa zake. Kikundi kipange saa anayoweza yeye, na kaka zake nyumbani wajifunze kusonga bukari, haiui.

Kwa zile siku za katikati, kati ya Jumamosi na Jumamosi, kuna kitu kimoja kidogo kinachosaidia kuliko kuapa. Peter Gollwitzer alikionyesha zamani, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 yakaonyesha kinasaidia vizuri sana: usiseme "nitaandika juma hili", sema kitu kikitokea nitafanya nini. Umeme ukirudi, nafungua sura ya pili kabla sijachomeka simu. Nikitoka soko na kukaa kwenye taksi-basi, nasoma ukurasa wa jana. Direkteri akikaa juma mbili bila kujibu, namfuata ofisini Jumanne asubuhi na karatasi mkononi. Uamuzi umeshafanyika kabla, usiku ule wa saa saba hakuna tena mjadala kati yako na WhatsApp, na kwenye huo mjadala wewe huwa unashindwa, tuseme ukweli.

Kuna wanaopenda ile njia ya Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Sawa, kwa wengine inakwenda. Zile aplikasyo za kupanga kazi mimi siziamini hata kidogo, ziko ndani ya simu ile ile inayokula saa zako, umemwomba mwizi akulindie duka.

Na msitafute muujiza wa siku 21, eti tabia mpya inajengwa kwa siku 21, hiyo hadithi watu wanaipenda lakini Phillippa Lally na wenzake London walifuatilia watu 96 wanaojaribu kujenga tabia moja ndogo, kama kutembea kidogo kila siku au kunywa maji na chakula, na kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka iende yenyewe, wengine siku 18, wengine hesabu ilienda mpaka 254. Jambo zuri walilolikuta ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu. Kwetu hilo ni kubwa kuliko namba zote, maana kuna kilio, kuna homa, kuna siku polisi wamefunga barabara. Siku imepotea, basi, kesho yake unaendelea pale ulipoachia, huanzi tena na ukurasa mpya wa shukrani.

Fundi wa kushona naye ana njia yake na ni ya bei nafuu: mteja usikubali tarehe moja. Ukitoa avansi, sema Jumatano hii nakuja kujaribu, hata kama ni kiuno tu kimeshonwa. Atakuchukia kidogo. Kikwembe kitakuwa tayari Alhamisi. Lakini na wewe ulete ile pesa ya pili siku uliyosema, kuna mafundi wengi ambao kuchelewa kwao ni hesabu ya akili kabisa, wanashona kwanza nguo ya anayelipa, na hapo hakuna saikolojia ya kutafuta.

Bado kuna zamu ya kubeba. Likelemba bila mtu wa kubeba ingekufa juma la tatu, na kikundi cha kazi kitakufa hivyo hivyo kama kila Jumamosi ni kuonyesha kurasa na kwenda nyumbani. Kwa hiyo kila juma mmoja abebe: wenzake wote wasome sura yake nzima kabla ya kuja, waisahihishe kwa kalamu, wamuulize yale maswali mabaya ambayo juri watamuuliza. Anayebeba njo analeta karanga na maji. Mkifika watu sita gawanyikeni vikundi viwili, kwa sababu zamu ikichukua mwezi na nusu kurudi kwako, utaanza kusema kesho.